Nani anapima linki iliyo kati ya barua pepe na programu?

Jioni ya Juni 17, 2021, wateja wa HBO Max, huduma ya filamu ya Marekani, walipokea barua pepe ambayo kichwa chake kilisomeka kama maandishi ya fundi: jaribio la kuunganisha mifumo, namba moja. Ndani mlikuwa na sentensi moja ya kueleza kwamba kiolezo kile hutumika kwa majaribio tu. Hapakuwa na ofa, filamu mpya wala kitufe cha kubofya. Kampuni iliomba radhi kwenye Twitter na kukiri kwamba ndiyo, aliyeituma ni mwanafunzi aliyekuwa mafunzoni kazini. Watu wa fani hawakumcheka kijana yule. Maelfu walijitokeza kusimulia waliyowahi kuyaharibu wao wenyewe.

Kinachonishughulisha mimi si kijana. Ni kwamba kampuni kubwa kiasi kile ilikuwa na barua ya majaribio inayoweza kufika kwenye masanduku ya watu halisi, na hapakuwa na kitu chochote njiani cha kuizuia.

Kisa kile kimekaa pale timu mbili zinapokutana: ya masoko, inayotuma barua, na ya watengenezaji wa programu. Nenda kwenye kampuni changa yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam, utakuta timu hizo zimekaa vyumba tofauti na kila moja inaomba bajeti yake ya zana za upimaji. Masoko wanataka Litmus, ya kupima barua. Madevelopa wanataka BrowserStack, ya kupima programu. Mhasibu anauliza kwa nini kitu kimoja kinalipiwa dola mara mbili, na anaambiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kiufundi. Nadhani swali lake lilistahili jibu zuri zaidi. Zana hizo kweli hazifanani, lakini mteja hajui kama ofisini kuna vyumba viwili. Kwake, barua ya kuthibitisha akaunti na programu aliyoipakua jana ni kampuni moja.

Nianze na zana za bei rahisi, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa.

Mailpit, MailHog na MailCatcher ni mitego ya barua. Programu yako inadhani imetuma barua kwenye seva ya kweli, kumbe imeikabidhi kwa mtego ulio ndani ya kompyuta yako. Barua haiendi kokote. Inaonekana kwenye ukurasa wa kivinjari, na unaweza kuisoma, kukagua linki zake na kuifuta. Zote tatu ni za chanzo huria, hazilipiwi. MailHog ilitamba kwa miaka mingi lakini maendeleo yake yamelala. Anayeanza leo achukue Mailpit, iliyoandikwa ili kushika nafasi hiyo. Ni faili moja tu: inapokea barua kwenye mlango wa 1025 na kuzionyesha kwenye 8025. Mailtrap hufanya kazi ileile kwenye wingu, timu nzima ikaona sanduku moja, na ina kiwango cha bure kabla ya kuanza kulipia. Timu isiyo na mtego wa aina hii haina haja ya kujadili zana nyingine yoyote. Ianze hapo, Jumatatu.

Hata hivyo mtego hausaidii kama anwani zenyewe ni za hovyo. Nimeona hifadhidata za majaribio zimejaa test@test.com, kana kwamba test.com ni pori lisilo na mwenyewe. Ina mwenyewe. Vivyo hivyo anwani ya Gmail uliyoibuni kichwani: uwezekano ni mkubwa kwamba kuna mtu anaifungua kila asubuhi. Mwaka 1999 wasimamizi wa viwango vya intaneti walitenga example.com na ndugu zake mahususi kwa kazi hii, na hakuna mtu anayeweza kusajili domeni hizo. Kosa baya zaidi ni kunakili orodha ya wateja halisi na kuiweka kwenye mfumo wa majaribio kwa hoja kwamba data ya kweli inapima vizuri zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna kati yake inayosema kwamba neno majaribio linafuta haki ya mteja.

Data ya kubuni nayo ibuniwe na mtu anayeijua nchi. Zana nyingi huzalisha majina ya Kimarekani, na kila kitu hupita salama hadi siku mteja wa kwanza kutoka Murang'a au Ng'ambo anapojisajili na barua inamsalimu kwa jina lenye alama za ajabu pale ilipotakiwa kuwa ritifaa. Weka Ng'ang'a na Ng'wandu kwenye orodha yako. Weka mtu mwenye jina moja tu. Weka jina la herufi arobaini.

Kupendeza na kufika

Litmus ilianza mwaka 2005, Email on Acid miaka minne baadaye. Zote mbili huchukua barua yako, huifungua kwenye makumi ya programu za barua na vifaa mbalimbali, kisha hukuletea picha za jinsi ilivyoonekana kila mahali. Kazi hiyo ipo kwa sababu barua pepe, tofauti na tovuti, haina viwango vya uchoraji ambavyo programu zote huvifuata. Tangu toleo la 2007, Outlook ya Windows ya mtindo wa zamani imekuwa ikichora barua kwa kutumia injini ya Word, yaani programu ya kuandikia nyaraka, na ndiyo maana mpangilio uliopendeza kwenye simu huvunjika vipande kwenye kompyuta ya ofisi. Gmail nayo hukata barua inayozidi takribani kilobaiti 102 na kuficha sehemu iliyobaki. Mara nyingi kinachofichwa ni mguu wa barua, ambako kuna linki ya kujiondoa. Halafu kuna hali ya giza, inayogeuza rangi kila programu kwa namna yake, na nembo nyeusi yenye mandhari wazi ikapotea kabisa.

Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili, nitakwambia tofauti ya picha zenyewe ni ndogo. Litmus ina ukaguzi mpana na kazi ya pamoja iliyokomaa. Email on Acid tangu 2021 iko chini ya Sinch ya Sweden, ambayo pia ina Mailgun, kwa hiyo inamfaa zaidi anayetuma kwa huduma hizo. Litmus nayo ilinunuliwa na Validity mwaka 2025. Soko hili linamezwa na kampuni kubwa, na kwa uzoefu wa masoko ya namna hiyo, bei za wateja wadogo hazishuki.

Swali la muhimu zaidi ni kama unaihitaji kweli. Fungua takwimu zako. Kama wasomaji wako wengi wako kwenye Gmail ya Android, kama ilivyo kwa biashara nyingi zinazouzia watu wa kawaida hapa kwetu, simu tatu na kompyuta moja zitakuonyesha karibu kila tatizo la maana. Kama unawauzia benki, wizara na mashirika ya misaada, hapo Outlook ni bwana mkubwa na huna budi kumsikiliza.

Takwimu hizo zisome kwa tahadhari. Septemba 2021 Apple ilianza kupakua picha za barua kabla msomaji hajaifungua, ili kumficha asifuatiliwe. Tangu hapo idadi ya waliofungua imevimba. Bado kuna watu wanaolinganisha vichwa viwili vya barua kwa kigezo hicho na kutangaza mshindi. Afadhali wahesabu mibofyo.

Barua nzuri isiyofika haina faida. Februari 2024 Gmail na Yahoo walibana masharti: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani vitambulisho vitatu vya kuthibitisha kwamba domeni ndiyo iliyotuma, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kwa ukaguzi wa haraka kuna Mail-Tester: unatuma barua kwenye anwani inayokupa, inakupa alama kati ya 10 na kueleza ulipopoteza. Postmaster Tools ya Google huonyesha kiwango cha malalamiko ya barua taka dhidi ya domeni yako kwenye Gmail, bila malipo. Nimeshangaa mara nyingi kukuta timu inalipia picha za Outlook wakati DMARC yake haijawekwa.

Madevelopa na mashine zao

Upande wa programu orodha ni ndefu zaidi, na mabishano yake hufanana na ya Simba na Yanga. Mkongwe ni Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 akiwa ThoughtWorks, Chicago. Jina lenyewe ni kijembe. Mshindani mkubwa wa wakati huo aliitwa Mercury, jina la Kiingereza la zebaki, na seleniamu inasifiwa kuwa dawa ya sumu ya zebaki. Mercury ilinunuliwa na HP mwaka 2006. Selenium bado ipo, na lugha yake ya kuongoza vivinjari imekuwa kiwango rasmi cha W3C tangu 2018.

Lakini timu inayoanza leo sioni kwa nini ichague Selenium, isipokuwa kama tayari ina maelfu ya majaribio yaliyoandikwa kwayo. Kwa tovuti, chukua Playwright ya Microsoft, iliyotoka Januari 2020. Inaendesha Chromium, Firefox na WebKit, na inajua kusubiri kitufe kionekane kabla ya kukibofya, jambo linaloonekana dogo hadi utakapokaa wiki nzima ukitafuta kwa nini jaribio linapita asubuhi na kufeli jioni. Cypress ina wapenzi wake, hasa walioanza nayo, na ukurasa wake wa kufuatilia hatua unapendeza. Mimi ningechagua Playwright.

Kwa programu za simu Playwright haikufai. Inaweza kuigiza ukubwa wa skrini ya simu, basi. Hapo kuna Appium, inayotumia mantiki ya Selenium kwa Android na iPhone pamoja. Ina uwezo mkubwa, lakini kuifunga na kuitunza ni kazi ya mtu mzima. Espresso ya Google na XCUITest ya Apple ni za haraka na za kuaminika zaidi, ila kila moja ina jukwaa lake, na ya Apple haiwezekani bila kompyuta ya Mac. Kwa timu ndogo isiyo na mtaalamu wa upimaji ningependekeza Maestro: hatua zinaandikwa kwenye faili fupi la maandishi, gusa hapa, andika pale, hakikisha neno fulani limeonekana. Hata mtu wa masoko anaweza kulisoma na kulielewa.

Kisha linakuja suala la simu zenyewe. BrowserStack, iliyozaliwa Mumbai mwaka 2011, inakodisha maelfu ya simu halisi kupitia kivinjari. AWS Device Farm ya Amazon hutoza senti 17 za dola kwa kila dakika ya kifaa, baada ya dakika 1,000 za mwanzo za bure. Firebase Test Lab ya Google ina kiasi cha bure kila siku, pamoja na roboti inayozunguka ndani ya programu yako ikibofya kila inachokiona bila wewe kuandika chochote. Ni huduma nzuri, hasa kwa kugundua programu inayoanguka kwenye Samsung fulani ambayo hujawahi kuishika.

Ila simu hizo ziko mbali. Usitegemee kukuta ndani yake laini ya Safaricom au Vodacom inayopokea ujumbe wa M-Pesa unaomtaka mteja aweke namba ya siri. Tena hazina bando linaloisha katikati ya malipo. Emuleta iliyo kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 ndiyo kabisa: inakuonyesha programu ikikimbia kwa kasi ambayo mwenye itel ya gigabaiti mbili hataiona maishani. Simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zina mifumo ya kubana betri ambayo huua kazi zinazoendelea nyuma ya pazia, na arifa yako ikazikwa humo. Kwa hiyo sanduku la simu tano zilizotumika, za kununua Kariakoo au Luthuli Avenue, zenye laini za kweli, litakufundisha mambo ambayo wingu haliwezi.

Kwa malipo, Safaricom ina mazingira ya majaribio ya Daraja, lango lake la madevelopa, na namba yake ya majaribio 174379 inajulikana kwa kila developa wa Nairobi aliyewahi kuunganisha M-Pesa. Wengi hupima njia ya furaha tu: mteja analipa, risiti inatoka. Pima pia anapoghairi, ambapo Daraja hurudisha 1032, na pale simu isipopatikana au anapochelewa kujibu hadi muda ukaisha, 1037. Humo ndimo malalamiko huzaliwa. Kwa SMS na USSD, Africa's Talking ya Nairobi ina simu ya kuigiza kwenye kivinjari, na haihitaji senti.

Wanaotengeneza kwa akaunti binafsi wana sharti jingine ambalo hakuna zana ya kulikwepa. Akaunti za Google Play zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hazipewi ruhusa ya kuchapisha programu hadi wapimaji wa kweli wabaki wamejiunga na jaribio lake siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12. Yamezuka makundi ya kubadilishana wapimaji, nipimie nikupimie. Sharti linatimia, upimaji haufanyiki. Apple kupitia TestFlight inakuruhusu kualika hadi watu 10,000 wa nje, na toleo la majaribio hudumu siku 90.

Mahali pasipo na mwenyewe

Chukua sasa mteja mmoja. Amejisajili kwenye programu, ametumiwa barua ya kuthibitisha, anabofya kitufe, anatarajia programu ifunguke. Mara nyingi kinachofunguka ni kivinjari, chenye ukurasa unaomwambia apakue programu aliyonayo tayari.

Sababu yake ni hii. Huduma za kutuma barua, ili zihesabu mibofyo, hubadilisha kila linki na kuipitisha kwanza kwenye domeni yao ya ufuatiliaji. iPhone na Android hufungua programu pale tu domeni iliyobofywa inapokuwa na faili la kuthibitisha undugu wake na programu hiyo. Domeni yako inalo, domeni ya ufuatiliaji haina. Undugu umekatika njiani.

Sasa tazama zana zetu. Mailpit inaonyesha linki sahihi, kwa sababu barua imenaswa kabla ya kufika kwa mtumaji anayeibadilisha. Litmus inaonyesha kitufe kizuri kwenye picha. Jaribio la Maestro linaanza programu ikiwa wazi tayari, halijui habari za barua. Kila zana imetoa alama ya kijani, na mteja amekwama.

Agosti 25, 2025 Google ilizima Firebase Dynamic Links, huduma ambayo programu nyingi zilitegemea kupeleka watu kutoka kwenye barua hadi ndani ya programu. Ilitangazwa mapema sana. Lakini kwa kuwa linki hizo zilikuwa kwenye violezo vya masoko na uchambuzi wake ulikuwa kwenye msimbo wa madevelopa, kila upande ulikuwa na sababu ya kudhani upande wa pili umeshughulikia.

Kuna pia jambo jingine la pale pale. Vichujio vya usalama vya barua za ofisi, kama Safe Links ya Microsoft, huweza kufungua linki kabla ya mwenye barua ili kuikagua. Linki yako ikiwa ya matumizi ya mara moja, imeshatumika. Mfanyakazi wa benki anabofya na kuambiwa muda umeisha, anaomba nyingine, inaisha tena. Dawa ni kuweka kitufe cha pili kwenye ukurasa, au kutuma tarakimu sita badala ya linki.

Sehemu ya pengo hili mashine inaweza kuiziba. Playwright inaweza kujisajili, ikaiuliza Mailpit barua iliyoingia, ikachukua tarakimu na kuziandika kwenye ukurasa, yote bila mtu. Mailosaur, ya kulipia, inatoa masanduku halisi ya kupokelea, hivyo barua inapita kwa mtumaji wa kweli na linki zinabadilishwa kama zitakavyobadilishwa kwa mteja. Programu ikitakiwa kufunguka, hata hivyo, sijaona kinachoshinda barua halisi, simu halisi na kidole.

Ujumbe mfupi nao una mtego wake, tena unaotuhusu sisi kuliko Wamarekani. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi zake, iliyojikunja haimo. Mtu wa masoko akiandika ujumbe kwenye Word, programu hiyo hujikunjia ritifaa yenyewe, na neno kama ng'ombe likiwemo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70. Ukigawanywa vipande, kila kimoja hubeba 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokadiriwa kuwa SMS moja unatozwa kama tatu, mara idadi ya wateja wote. Hakuna zana ya maelfu ya dola inayohitajika hapa. Ni mstari mmoja wa msimbo unaonyoosha ritifaa kabla ya kutuma, lakini aandikiwe nani, wakati Word iko kwa masoko na msimbo uko kwa madevelopa?

Kwa timu ya watu watano hivi, ningegawa fedha hivi: senti za kwanza ziende kwenye simu zilizotumika na laini zake. Mailpit, Playwright, Maestro na Postmaster Tools hazidai kitu isipokuwa muda. Kisha Mailosaur au mwenzake, kama barua ni sehemu ya kujisajili. Dakika za wingu zinunuliwe wakati takwimu za kuanguka kwa programu zinapotaja simu ambazo hamna. Litmus ije mwisho, katika mwezi wa kampeni kubwa, na ikatwe baada ya hapo kama mkataba unaruhusu.

Jaribio la kidole linachukua kama dakika ishirini: mtu wa masoko na developa mmoja, Android moja, iPhone moja, barua iliyopita kwenye huduma ileile itakayotumika kwa wateja. Jina la atakayelifanya liandikwe kwenye ratiba ya toleo, na huyo awe na ruhusa ya kusimamisha kampeni bila kumpigia simu bosi yeyote.